Meza ya mbao ngumu: inavyotengenezwa, na mambo ya kukagua kabla ya kumlipa fundi

"Fundi, mbona ghali hivyo?" Hakuna seremala wa pwani asiyelisikia swali hili kila wiki. Mteja huja karakana na picha kwenye simu, huuliza bei ya meza ya kuandikia, akishatajiwa hukunja uso na kusema dukani kaona nyingine kama hiyo kwa nusu ya bei. Simlaumu. Kwa macho meza zile hufanana. Tofauti imefichwa ndani ya ubao, ndani ya viungo na chini ya vanishi, na sisi mafundi mara nyingi hatukai chini tukaeleza. Leo, ndugu msomaji, nataka nieleze.

Meza nyingi za dukani hutengenezwa kwa unga wa miti au vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi na kufunikwa ngozi nyembamba yenye sura ya mbao. Kitu hicho si haramu, na kwa mwenye haja ya haraka hufaa. Lakini sisi tunaishi kando ya bahari. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na kikombe cha chai kikimwagika karibu na ukingo uliochubuka, unga ule hunywa maji, huvimba, na haurudi tena kama ulivyokuwa. Skrubu ikishatoka kwenye tundu lake, haishiki mara ya pili. Meza ya mbao ngumu ikipata jeraha hupigwa randa, husuguliwa msasa, ikarudi kuwa meza.

Ili nisizungumze hewani, nitafuata kazi moja niliyoimaliza mwaka huu. Bi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na mbao nne za mbambakofi zilizolazwa juu ya dari ya banda kwa zaidi ya miaka 20. Marehemu mumewe alizinunua akitaka kutengeneza mashua, akafariki kabla ya kuanza. Kila ubao ulikuwa na urefu wa futi 9, upana wa inchi 10 na unene wa inchi moja na nusu. Mwanawe mkubwa alitaka ziuzwe; kulikuwa na mnunuzi tayari na pesa mkononi. Mama akakataa. Mjukuu wake wa kike alikuwa akijiandaa kuingia chuo kikuu na hana pa kusomea ila kitandani. Akaniambia, "Fundi, nataka meza ya mtoto huyu. Lakini elewa, mbao hizi hazina nyingine."

Neno lile lilikuwa kweli kuliko alivyojua mwenyewe.

Kwa nini mbao hizi hazina nyingine

Mbambakofi ndio mti wa milango ya Lamu na Unguja, na ni mti wa majahazi. Ndugu zetu wa Tanzania huuita pia mkongo. Ni mzito, una rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, mchwa huuogopa, na zaidi ya yote ni mtulivu: ukishakauka, haupindi wala haujikunji ovyo. Sifa hizo ndizo zilizoumaliza. Mti huu hukua polepole, nasi tumeukata kwa karne nyingi.

Mnamo Novemba 2022, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikutana Panama na kuingiza mbambakofi wa Afrika, pamoja na mkangazi na mninga, katika orodha ya pili ya mkataba huo. Maana yake ni kwamba magogo na mbao za miti hiyo haziwezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali. Hapa kwetu Kenya, serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii tangu Februari 2018, na tangazo la kulegeza marufuku hiyo la mwaka 2023 lililenga miti iliyokomaa ya mashamba ya kupandwa, si miti ya asili. Kwa hivyo mtu akikuuzia mbao mbichi za mbambakofi kichochoroni kwa bei ya kutupa, jiulize zimetoka wapi. Huenda ni msitu wa kaya uliokatwa usiku. Muuzaji halali wa mbao za msitu huwa na kibali cha kuzisafirisha kutoka kwa Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Omba ukione. Ukinunua bila kuuliza, umeshiriki.

Asiye na mbao za urithi asivunjike moyo. Mvule bado hupatikana kwa wauzaji wenye vibali, na mwingi hutoka Kongo. Ni ubao wa manjano unaogeuka kahawia kadiri unavyopigwa na mwanga. Fundi ajifunike pua anapoukata, kwa kuwa vumbi lake huwasha, na asishangae msumeno ukigonga jiwe, maana mvule hujiwekea chokaa ngumu ndani ya mwili wake. Mninga ni mwepisi kufanyia kazi na hausinyai sana. Msaji wa kupandwa, kama ule wa Longuza kule Muheza, ni chaguo zuri kwa sababu umepandwa ili ukatwe. Una mafuta, basi sehemu za kutiwa gundi zipanguswe kwa spiriti kwanza. Mfenesi ni wa manjano ya kupendeza na hudumu. Mwembe, ambao tunao kila kiambo, hutoa meza nzuri pia, ila usipokaushwa haraka na kutiwa dawa bungua watautangulia fundi.

Ubao ni kiumbe kinachopumua

Jambo moja likieleweka, mengine yote katika useremala yanaeleweka: ubao huvimba na kusinyaa. Hunywa unyevu hewani wakati wa masika na kuutoa wakati wa kaskazi. Kwa urefu wake habadiliki kitu cha kuhesabika. Kwa upana hubadilika, na hakuna gundi, msumari wala vanishi inayoweza kuuzuia. Uso wa meza wenye upana wa sentimita 65 unaweza kutanuka na kusinyaa kwa milimita 3 hadi 5 kwa miti mingi. Mbambakofi husogea kidogo kuliko hapo, lakini husogea.

Ndiyo maana ubao mbichi haufanyiwi meza. Kanuni ya wazee ni mwaka mmoja wa kukauka kivulini kwa kila inchi ya unene, mbao zikipangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Siku hizi kuna matanuri ya kukaushia, lakini mbao za uani bado ndizo nyingi. Njia rahisi ya kupima ni kukata kipande kidogo, kukipima uzito kwenye mizani ya jikoni, kukiweka ndani ya nyumba wiki mbili, kisha kukipima tena. Kikiwa kimepungua sana, ubao haujawa tayari.

Mbao za Bi yule zilikuwa kavu kwa miaka 20, lakini kavu ya bandani. Meza ilikuwa inakwenda chumba chenye kiyoyozi, ambacho hukausha hewa. Nikazileta ndani ya karakana, nikazipanga kwa vijiti, nikaziacha mwezi mzima bila kuzigusa. Mwanawe alipita mara mbili akauliza kazi imefika wapi. Nikamwambia, "Kaka, kazi inaendelea. Mbao zinajifanyia wenyewe." Hakuridhika, lakini mwezi ule ndio uliookoa meza. Anayetengenezewa samani Mombasa kisha akazipeleka Nairobi azingatie hili pia: kule hewa ni kavu kuliko huku, na kiungo kilichobana hapa kinaweza kulegea kule.

Kupima kabla ya kukata

Meza ya kuandikia si meza ya chakula wala kabati. Kimo chake ni karibu sentimita 75, kwa kiti chenye kalio la sentimita 45. Magoti yanataka nafasi ya sentimita 60 au zaidi kutoka sakafuni. Upana wa kutoka kwa msomaji hadi ukutani usipungue sentimita 60, na kwa anayetumia kompyuta 65 ni bora. Urefu wa futi nne na nusu unatosha vitabu, taa na mikono miwili. Kama meza ni ya mtu mmoja maalumu, mwite, mkalishe, mpime. Yule binti nilimwita. Ni mfupi, kwa hivyo nikashusha kimo kwa sentimita mbili.

Kisha nikachora kila kipande juu ya karatasi kabla msumeno haujagusa kitu. Mbao tatu kila moja ikatoa kipande cha futi 5 kwa uso wa meza, na mabaki ya futi 4. Ubao wa nne ukakatwa vipande vitatu vya inchi 30, kila kipande kikapasuliwa mara tatu: hapo nikapata vijiti 9. Kila mguu ni vijiti viwili vilivyogandishwa pamoja, maana unene wa inchi moja na nusu peke yake ungekuwa mwembamba. Miguu minne ni vijiti 8, na kimoja kikabaki cha akiba. Yale mabaki ya futi 4 yakatoa mbao za kufungia miguu pande nne na uso wa mtoto wa meza. Mbavu na kitako cha mtoto wa meza nilitumia mkangazi wa kabati kuukuu, kwa sababu huko ndani hapaonekani, na wepesi wake hufanya mtoto avutike vizuri. Mafundi wa zamani walifanya hivyo pia: mti wa thamani mbele, mti wa kawaida ndani.

Kabla ya randa, nilipitisha sumaku juu ya mbao zote, kwani mbao za zamani huficha misumari, na msumari mmoja huharibu kisu cha randa kwa sekunde. Weupe wa pembezoni nikautoa wote. Sehemu hiyo ndiyo bungua huipenda, na kwenye ubao mmoja walikuwa wameshaanza. Moyo wa mti hawakuugusa.

Viungo ndivyo meza

Mbao tatu za uso huunganishwa ubavu kwa ubavu. Kila ubavu hupigwa randa mpaka ukisimamisha mbao mbili moja juu ya nyingine na kuziangalia dhidi ya dirisha, nuru haipenyi. Hapo gundi nyeupe ya seremala inatosha. Ikishakauka, ubao hupasuka mahali pengine kabla ya pale palipogandishwa. Nuru ikipenya, mtu huziba kwa gundi nyingi na unga wa msumeno, na mwaka haupiti mstari haujaonekana.

Miguu na mbao za kuifunga huunganishwa kwa ulimi na tundu. Ncha ya ubao huchongwa ulimi, unene wake ukiwa kama theluthi ya unene wa ubao, na mguu hutobolewa tundu la kuupokea. Ulimi uingie kwa kusukumwa na kugongwa kidogo kwa nyundo ya mti. Ukihitaji kupigwa kwa nguvu utapasua mguu, na ukidondoka wenyewe haufai. Baada ya gundi nilitoboa kwa keekee, nikapigilia msumari wa mti kupita ndani ya ulimi. Hata gundi ikizeeka, kiungo hicho hakitoki. Milango ya wazee wetu, iliyosimama kabla ya gundi za madukani, imefungwa hivyo.

Pembe za mtoto wa meza zinataka kiungo kingine, kwa sababu huvutwa kila siku. Meno ya ubao mmoja hukatwa yakipanuka kuelekea nchani, na ubao wa pili hukatwa nafasi za kuyapokea. Ukivuta, meno yanajibana zaidi. Mtoto wa meza aliyepigiliwa misumari mitupu atakuachia uso mkononi siku moja.

Sasa lile la kupumua linarudi. Uso wa meza haugandishwi kwa gundi juu ya miguu. Hushikwa kwa chini na vibao vidogo vyenye ulimi unaoingia katika mfereji, au kwa skrubu zilizopitishwa kwenye matundu marefu, ili uso uweze kutanuka na kusinyaa bila kugombana na miguu. Fundi akiugandisha, utapasuka katikati kwa mlio kama wa bunduki, pengine usiku wa manane, na familia itadhani ni jini.

Kumalizia

Jina la msasa limetokana na mti: majani ya msasa ni makavu na makali, na ndiyo yaliyosugulia mbao kabla ya karatasi za dukani. Sugua kufuata nyuzi, kwanza kwa mkwaruzo mkubwa, mwisho kwa mdogo. Ukisugua kukata nyuzi, mikwaruzo itajitokeza pindi rangi inapopita.

Majahazi hupakwa sifa, mafuta ya papa, lakini hakuna anayetaka kusoma huku chumba kikinuka ufuo. Kwa meza ile nilitumia mafuta ya kitani, tabaka nyembamba nne, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Tahadhari kwa anayejaribu nyumbani: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandaze wazi nje kikauke. Vanishi ya kawaida hulinda zaidi dhidi ya maji, ila ikichubuka ni kazi zaidi kuirekebisha.

Ya kukagua kabla ya kulipa

Kazi ile, ukiacha mwezi wa kusubiri, ilinichukua siku 11. Hapo ndipo bei inapotoka: mbao, vifaa, na siku za mtu. Mteja anapokata bei kwa nusu, mbao hazipungui bei wala gundi haipungui. Kinachopungua ni siku. Ulimi utageuka msumari, mbao zitatumiwa mbichi, na mteja hatajua mpaka kaskazi iingie.

Basi fanya hivi. Lipa kwa mafungu matatu: la kwanza la kununua mbao, la pili meza ikiwa imesimama kabla ya vanishi, la mwisho siku ya kuichukua. Lile la pili ndilo muhimu, kwa sababu vanishi huficha mengi. Nenda uione ikiwa uchi. Ipindue utazame chini: uso umeshikwaje? Pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, mara mbili. Vipimo visipolingana, meza imekwenda upande. Ishike uitikise. Vuta mtoto wa meza mpaka mwisho, umwangalie pembe zake. Pitisha kidole kwenye viungo utafute unga wa msumeno uliozibiwa nyufa. Muulize fundi mbao zilikaushwa wapi na kwa muda gani, na zilinunuliwa kwa nani. Fundi mzuri hukasirishwa na kukatwa bei. Maswali kama haya humfurahisha.

Na sisi mafundi tuna deni letu. Ufundi huu tuliupata kwa kukaa chini ya wakubwa wetu, tukifagia maranda kabla ya kushika patasi. Vijana wa sasa wanataka kazi, na NITA hutoa mitihani ya daraja inayompa fundi cheti cha kuonyesha popote. Lakini cheti hakimfundishi mtu kuhisi ubao kwa kiganja. Samaki mkunje angali mbichi. Karakana isiyo na kijana hata mmoja itafungwa siku mwenyewe atakapozikwa, na hapo wajukuu zetu watanunua unga wa mbao kwa kuwa hakutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Neno letu dawati lina asili ya Kiarabu, dawat, chombo cha wino. Waliotuachia neno hilo waliona meza ya kuandikia kuwa mahali pa elimu kabla ya kuwa samani. Yule mnunuzi wa mbao nne angezipeleka asikokujua mtu, na pesa zake zingekwisha mwezi ule ule. Sasa ziko chumbani kwa binti anayesoma, na nimemwandikia chini ya uso wa meza, kwa penseli, jina la babu yake na mwaka. Ikitunzwa, wanawe na wajukuu zake wataisomea, na atakayeipindua kuikagua atajua mbao zilitoka kwa nani.